Hergé, mchoraji wa Tintin: karatasi zake zilivyogeuka mali

Wasomaji wa rika langu waliopata bahati ya kusoma mahali penye maktaba yenye rafu ya watoto watamkumbuka kijana mmoja mwenye kishungi cha nywele kilichosimama juu ya paji la uso, suruali pana iliyofungwa chini ya magoti, na mbwa mweupe asiyembanduka hata hatua moja. Jina lake ni Tintin. Vitabu vyake tulivigombania kama mpira wa kona. Kitabu kilipofika mikononi mwangu kilikuwa tayari hakina jalada, na kurasa za mwisho zilikuwa zimekwisha ng'oka, hata nikaishi miaka mingi bila kujua baadhi ya visa vile viliishaje. Kiingereza chetu kilikuwa bado kinatambaa, kwa hiyo tulifuata picha zaidi ya maneno.

Wakati huo sikujua kwamba nyuma ya picha zile kulikuwa na mkono wa mtu. Nilidhani vitabu huzaliwa na mashine. Nilikuja kuzinduka nilipopata kibarua katika kiwanda kimoja cha kupiga chapa hapa Nairobi, ambako michoro ya vitabu vya shule ililetwa ikiwa imechorwa kwa wino kwenye karatasi nene. Mchoro uliingia chumba cha kamera, ukapigwa picha, picha hiyo ikatumika kutengeneza bamba la mashine, na basi, kazi yake ikaisha. Karatasi yenyewe ilifagiliwa pamoja na vipande vingine. Jioni moja niliokota kwenye takataka picha ya sungura aliyevaa kofia. Msimamizi alinicheka, akaniuliza kama nyumbani hatuna ukuta wa kutosha. Picha hiyo ninayo hata leo, na tangu siku hiyo niliambukizwa ugonjwa wa kukusanya michoro ya mkono. Nyingine nimeokota, nyingine nimenunua kwa bei ya chakula cha mchana, nyingine nimepewa na wachoraji wenyewe waliofurahi kuona kuna mtu anazitaka. Na kila mara nilijiuliza: je, zile karatasi za Tintin ziko wapi? Katika kutafuta jibu hilo nilijikuta nikisoma maisha ya mtu aliyezichora, nami naona si vibaya nimsimulie msomaji.

Jina lake halisi lilikuwa Georges Remi. Alizaliwa tarehe 22 Mei mwaka wa 1907 huko Etterbeek, mtaa mmojawapo wa Brussels, mji mkuu wa Ubelgiji. Baba yake, Alexis, alikuwa mtumishi wa kampuni ya nguo za watoto. Huyu baba alikuwa na pacha wake, Léon, nao walizoea kutembea pamoja wakiwa wamevaa namna moja, kofia za duara na fimbo mkononi. Msomaji wa Tintin atawatambua hapo hapo wale wapelelezi wawili wenye masharubu wanaoanguka ngazi kila mara, ingawa katika vitabu si ndugu.

Mtoto huyu alipotimiza miaka 7, Wajerumani waliingia Brussels. Ilikuwa mwaka wa 1914. Vita vikiendelea yeye alikuwa darasani akijaza kando za madaftari yake picha za mtoto mdogo anayewachezea shere askari wa Kijerumani. Walimu hawakupendezwa. Baadaye alijiunga na skauti, na yafaa kusema kwamba skauti ndio waliomlea hasa, kwa maana gazeti la maskauti ndilo lililochapisha picha zake za kwanza. Huko ndiko alikoanza, mwaka wa 1924, kutia sahihi kwa jina la Hergé. Si fumbo kubwa. Alichukua herufi za mwanzo za majina yake, akaigeuza ya mwisho kuwa ya kwanza, zikawa R na G, na Mfaransa akizitamka ndivyo zinavyosikika.

Mwaka wa 1925 aliajiriwa na gazeti la Kikatoliki lililoitwa Le Vingtième Siècle. Si kama mchoraji, la. Aliwekwa katika ofisi ya kuandikisha wanunuzi wa gazeti. Aliyemtoa huko ni mkuu wa gazeti, padre Norbert Wallez, mtu wa amri, mwenye siasa kali za mrengo wa kulia, aliyeona kwamba kijana huyu anaweza kuwavuta watoto. Mwaka wa 1928 akampa usimamizi wa toleo la watoto la kila Alhamisi, na tarehe 10 Januari 1929 Tintin akapanda gari moshi kwenda Urusi. Kisa hicho kilipokwisha mwezi wa Mei mwaka uliofuata, gazeti lilimvalisha mvulana mmoja mavazi ya Tintin likamteremsha katika stesheni ya Brussels, na watu wakafurika kumpokea mtu asiyekuwapo duniani. Hergé alikuwa na umri wa miaka 22 tu.

Sasa nafika mahali ambapo mapenzi yangu ya utotoni hupata mtihani. Baada ya Urusi Bwana Remi alitaka kumpeleka Tintin Marekani. Padre akakataa. Ubelgiji ilikuwa ikitawala Kongo, na yeye alitaka watoto wa Kibelgiji waipende koloni yao. Basi kuanzia mwezi wa Juni 1930 hadi Juni 1931 Tintin akawa Kongo. Mchoraji hakuwa amekanyaga Afrika hata siku moja. Aliyoyajua aliyatoa katika makumbusho ya Tervuren, karibu na Brussels, na katika masimulizi ya wale waliotoka huko. Matokeo yake ni watu weusi wenye midomo kama maandazi, wasiojua kuzungumza, wanaomsujudia mtoto wa Kizungu na mbwa wake. Wanyama nao hawakusalimika. Swala wanauawa rundo zima, na kifaru mmoja anatobolewa mgongo, anatiwa baruti na kulipuliwa.

Huenda msomaji akashangaa kwamba sisi tuliokuwa tukigombania vitabu hivi hatukukiona hicho. Sababu ni rahisi. Vitabu vya Tintin tulivyosoma hapa vilitoka Uingereza, na wachapishaji wa huko walikiruka kile cha Kongo miaka mingi. Toleo la Kiingereza lilitoka mwaka wa 1991 kwa picha zisizo na rangi, na lile la rangi likangoja mpaka 2005. Kwa hiyo kilinifikia nikiwa mtu mzima mwenye mvi. Nilikisoma usiku mmoja nikakifunga, nikakaa kimya. Mstari ulikuwa ule ule niliouhusudu tangu utoto, safi, usiotetemeka. Mkono ule ule ndio uliochora haya.

Mwaka wa 1946 Hergé alikichora kitabu hicho upya kwa rangi, akakipunguza kutoka kurasa 110 hadi 62. Mahali ambapo Tintin alikuwa akiwafundisha watoto wa Kongo kwamba nchi yao ni Ubelgiji, akaweka somo la hesabu. Yule kifaru alikuja kuponea mwaka wa 1975, wachapishaji wa nchi za Skandinavia walipokataa kumlipua. Katika uzee wake mwenyewe alikiri kwamba alikuwa ameyachora mawazo finyu ya jamii iliyomlea, ingawa kwa maoni yangu alikiri kama mtu anayeomba radhi kwa kukanyaga mguu ndani ya basi. Mwaka wa 2007 Mkongo mmoja aliyekuwa akiishi Ubelgiji alifungua kesi kutaka kitabu hicho kizuiwe. Mwaka wa 2012 mahakama ilimkatalia, ikisema kwamba mchoraji hakuwa na nia ya kueneza chuki. Na mambo ya dunia hayana mstari ulionyooka, kwa maana huko huko Kinshasa wachonga vinyago wamekuwa wakichonga Tintin wa mti na kuwauzia wageni kwa bei nzuri.

Lakini mtu huyu alibadilika, na aliyembadilisha tunamjua kwa jina. Mwaka wa 1934, Hergé alipotangaza kwamba Tintin anakwenda Uchina, alionywa asirudie kuchora Wachina kama alivyochora wengine. Akajulishwa kwa Zhang Chongren, mwanafunzi wa Kichina aliyekuwa akisoma katika chuo cha sanaa cha Brussels. Wote wawili walikuwa wamezaliwa mwaka mmoja. Zhang alimfundisha kushika brashi, akamweleza Wajapani wanafanya nini Manchuria, na akaandika kwa mkono wake maandishi ya Kichina yanayoonekana kwenye kuta na mabango ndani ya kitabu. Anayeyasoma maandishi hayo atakuta siasa kali dhidi ya ubeberu, imejificha mbele ya macho ya kila mtu. Kitabu hicho ni The Blue Lotus. Tangu wakati huo Hergé hakuchora tena nchi kwa kubahatisha. Alijaza makabati picha za magari, meli, sare za askari na vitasa vya milango. Zhang alirudi kwao mwaka wa 1935, vita na mapinduzi vikawatenganisha, na hawakuonana tena mpaka mwezi wa Machi 1981, vizee wawili katika uwanja wa ndege wa Brussels mbele ya kamera za televisheni.

Mimi hujiuliza swali moja ambalo sina wa kumuuliza. Mchina mmoja alitosha kumfungua macho. Je, hapakuwa na Mkongo hata mmoja Brussels mwaka wa 1930 wa kumketisha kitako?

Vita vya pili vilipofika na Wajerumani wakaitwaa Ubelgiji tena, mwaka wa 1940, gazeti lake lilifungwa. Akahamia Le Soir, gazeti kubwa lililokuwa limenyakuliwa na kuendeshwa kwa idhini ya hao wavamizi. Alichora vizuri mno miaka hiyo. Nahodha Haddock, mlevi wetu mpendwa mwenye matusi yasiyo matusi, alizaliwa wakati huo. Lakini mwezi wa Septemba 1944 wavamizi walipofukuzwa, waliolifanyia kazi gazeti lile walihesabiwa kuwa wasaliti. Hergé alikamatwa mara nne na vikosi mbalimbali, akalala usiku mmoja gerezani, na akapigwa marufuku kufanya kazi ya magazeti. Aliyemnyanyua alikuwa mtu aliyepigana upande wa pili, Raymond Leblanc wa jeshi la siri, ambaye jina lake safi lilisaidia kuanzishwa kwa jarida la Tintin mwezi wa Septemba 1946.

Hapa ndipo ninapopenda kukawia, kwa kuwa hapa ndipo karatasi zinapohusika.

Kabla ya vita Hergé alifanya kazi karibu peke yake. Baada ya mwaka wa 1942 mambo yalibadilika, kwa kuwa mchapishaji wake, Casterman wa Tournai, alitaka vitabu vya rangi vyenye kurasa 62 kila kimoja. Vile vya zamani ikabidi vikatwe, vipangwe upya, na vingine vichorwe kutoka mwanzo. Mwaka wa 1950 akaanzisha studio yake. Ukurasa mmoja wa Tintin ulikuwa na maisha marefu kuliko tunavyofikiri. Kwanza alichora kwa penseli, akichora juu ya alichochora, mistari kumi kutafuta mmoja, hata karatasi nyingine zikakaribia kutoboka. Humo huonekana hasira, haraka, na furaha. Kisha aliuchagua mstari mmoja ulio hai kuliko wenzake, akaunakili kwenye karatasi safi, na kuupitishia wino kwa kalamu ya nibu. Magari, majengo na ndege vilichorwa na wasaidizi kama Bob de Moor. Rangi hazikupakwa kwenye karatasi ya wino hata kidogo. Ukurasa wa wino ulipigwa chapa hafifu ya samawati kwenye karatasi nyingine, na hiyo ndiyo iliyopakwa rangi za maji, kazi iliyofanywa zaidi na wanawake ambao majina yao hayakuandikwa kwenye jalada.

Kwa hiyo anayetafuta ukurasa wa asili wa Tintin hana budi kwanza kuuliza ni upi. Wa penseli? Wa wino? Wa rangi? Mimi ningechagua wa penseli, ingawa matajiri hupendelea wino.

Mmoja wa wanawake hao wa rangi, Fanny Vlamynck, aliingia studio katikati ya miaka ya 1950, na Hergé, aliyekuwa amemwoa Germaine Kieckens tangu mwaka wa 1932, akampenda. Mtu aliyelelewa na skauti na mapadre hakujua la kufanya. Usiku alianza kuota ndoto nyeupe, weupe mtupu uliomtisha. Alikwenda Zurich kumwona daktari wa mambo ya nafsi, naye akamshauri aache kuchora. Hakuacha. Alichora Tintin in Tibet, kitabu kilichojaa theluji kutoka mwanzo hadi mwisho, kisicho na adui, ambamo Tintin anamtafuta rafiki yake Mchina ambaye wote wanasema amekufa. Jina la rafiki huyo ni Chang. Wachambuzi wengi hukiweka mbele ya vingine vyote, nami nakubaliana nao.

Talaka ilikamilika mwaka wa 1977, na mwaka huo huo akamwoa Fanny. Vitabu vikawa vinatoka kwa kuchelewa. Alipenda zaidi kuzunguka majumba ya sanaa, akanunua kazi za wachoraji wa kisasa, na Andy Warhol akamchora yeye. Alijaribu pia kupaka rangi turubai kama wasanii wakubwa, akatoa chache, akazitazama, akaacha. Kitabu cha mwisho alichokuwa akikiandaa kilihusu wauzaji wa picha bandia. Hakukimaliza. Alifariki tarehe 3 Machi 1983, na alikuwa amekataza mtu mwingine yeyote asimwendeleze Tintin. Amri hiyo imeheshimiwa. Kile kisichokwisha kilichapishwa mwaka wa 1986 jinsi kilivyo, michoro ya penseli ya haraka haraka, na Tintin ameachwa akiongozwa na bastola kwenda kugeuzwa sanamu.

Baada ya kifo chake bei zikaanza kupanda. Mwaka wa 2014 karatasi moja ya mwaka wa 1937, yenye Tintin na mbwa wake waliochorwa mara nyingi kwa ajili ya kurasa za ndani ya jalada, ilinunuliwa Paris kwa zaidi ya euro milioni 2.6. Lakini kisa kilichonigusa ni cha mwezi wa Januari 2021. Mwaka wa 1936 Hergé alichora jalada la The Blue Lotus kwa wino na rangi za maji, Tintin akichungulia kutoka ndani ya mtungi wa Kichina, na joka jekundu juu yake. Mchapishaji alisema kulipiga chapa ni gharama mno, akataka jingine jepesi. Kwa masimulizi ya familia ya Casterman, karatasi ile iliyokataliwa alipewa mtoto wa nyumba hiyo, mwenye miaka saba, naye akaikunja mara kadhaa na kuitia sandukuni. Wako wanaokitilia shaka kisa hiki. Mikunjo yenyewe ipo, inaonekana. Siku ya mnada karatasi hiyo iliuzwa kwa zaidi ya euro milioni 3.1, ambazo kwa kima cha wakati ule zilipita shilingi milioni 400 za Kenya. Nilipoisoma habari hiyo niliinuka nikaenda kumtazama sungura wangu.

Mwaka wa 2016 nilikwenda Brussels kumtembelea mpwa wangu. Nilimwomba anipeleke kwanza Louvain-la-Neuve, mji mdogo wenye makumbusho ya Hergé yaliyofunguliwa mwaka wa 2009. Nilisimama mbele ya kurasa za wino mpaka mlinzi akaanza kunitazama. Ukubwa wake ulinishangaza, kwa kuwa karatasi ni pana kuliko kitabu. Nikaona yale ambayo kitabu huficha: rangi nyeupe iliyofunika kosa, kipande kilichobandikwa juu ya uso uliochorwa vibaya, alama ya penseli ambayo kifutio hakikuimaliza. Mpwa wangu alichoka akaenda kunywa kahawa.

Siku ya pili tulikwenda kwenye soko la vitu vikuukuu la Place du Jeu de Balle, lile lile ambalo Tintin ananunua meli ndogo ya mbao mwanzoni mwa The Secret of the Unicorn. Nilikuta muuzaji ametandika turubai lake chini, na juu yake karatasi moja ya nahodha Haddock, njano kwa uzee, aliyoniapia kwamba ni ya mkono. Moyo ulinidunda. Nikatoa kioo changu cha kukuzia, ambacho hunifuata kila niendako. Wino wa kalamu hukaa juu ya karatasi, mahali pengine mzito, pengine umekauka kwa kung'aa, na ukiinamisha karatasi kwenye mwanga utauona. Hapa nikaona vidoti vidogo vidogo vya mashine, safu kwa safu. Ilikuwa karatasi ya gazeti iliyobandikwa kwenye kadibodi. Nilimwonyesha. Akainua mabega, akashusha bei kutoka euro 60 hadi 5.

Niliinunua. Nimeiweka sandukuni pamoja na sungura na wale wengine, nikaandika nyuma yake kwa penseli mahali nilipoipata na bei niliyolipa. Mjukuu wangu akija likizo huyatoa yote na kuyapanga sakafuni. Yeye hupenda sungura.